Kovu la BCG na Swali la Miaka Mia

Mwezi Julai mwaka 1921, jijini Paris, alizaliwa mtoto ambaye waliomzunguka hawakuwa na matumaini naye. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafariki muda mfupi baada ya kujifungua. Wa kumlea akabaki bibi, naye alikuwa na ugonjwa uleule. Daktari Benjamin Weill-Hallé na mwenzake Raymond Turpin wakamnywesha mtoto huyo kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kupewa kabla yake: bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, walio hai, ila wamedhoofishwa. Mtoto akakua, na kifua kikuu hakikumpata.

Bakteria hao walikuwa wamelelewa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na watu wawili: Albert Calmette, daktari wa binadamu, na Camille Guérin, daktari wa mifugo. Tangu 1908 walikuwa wakiwaotesha juu ya vipande vya viazi mviringo vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila baada ya wiki tatu hivi waliwahamishia kwenye kipande kipya. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Lille ikakaliwa na majeshi ya Ujerumani, lakini kazi haikukatika. Waliwahamisha mara 230 kwa miaka 13, hadi bakteria wale wakapoteza ukali wa kuua huku wakibaki hai. Ndiyo BCG hii tunayochomwa, herufi zake mbili za mwisho zikiwa za majina ya mabwana hao. Ndiyo iliyowaachia Watanzania wengi kovu dogo kwenye bega la kulia, na Wakenya wengi kovu kama hilo kwenye mkono wa kushoto.

Chanjo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu. Lakini haikupita miaka kumi kabla watu makini hawajaanza kuona inafanya kazi ambayo haikutumwa.

Wa kwanza kuliona kwa takwimu alikuwa Carl Näslund, daktari katika jimbo la Norrbotten, kaskazini kabisa mwa Sweden, ambako kifua kikuu kilikuwa kimeota mizizi. Kuanzia 1927 watoto wachanga wa huko walinyweshwa BCG. Näslund alipohesabu vifo vya mwaka wa kwanza wa maisha, alikuta watoto waliochanjwa wamekufa kidogo mno kuliko wasiochanjwa, tofauti ya karibu mara tatu. Jambo la kushangaza ni kwamba watoto wadogo kiasi hicho hawafi sana kwa kifua kikuu. Ugonjwa huo huwaua zaidi wakishakua kidogo. Basi chanjo iliwaokoa na nini? Näslund aliandika kwamba mtu anavutwa kuamini kuwa BCG huamsha kinga ya jumla, isiyochagua adui. Calmette mwenyewe, aliyekuwa akifuatilia watoto wa Ufaransa, aliwaza vivyo hivyo mwaka 1931.

Waliotilia shaka walikuwa na hoja nzito, na hoja hiyo haijafa mpaka leo. Mama anayekubali mwanawe achanjwe mapema huenda ndiye huyohuyo mwenye chakula nyumbani, mwenye nafasi ya kwenda kliniki, mwenye mtoto aliyezaliwa na afya njema. Mtoto dhaifu hucheleweshwa chanjo, na mtoto dhaifu ndiye hufa. Ukilinganisha makundi hayo mawili, unaweza kuipa chanjo sifa ambayo ni ya sufuria iliyojaa. Wakati huo hakukuwa na desturi ya kuwagawa watoto kwa bahati nasibu ili makundi yalingane, kwa hiyo hoja haikuweza kumalizwa.

Kisha ikaja balaa ya Lübeck. Mwaka 1930, katika mji huo wa Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa BCG iliyokuwa imechanganyika, ndani ya maabara ya hukohuko mjini, na bakteria wakali wa kifua kikuu. Zaidi ya 70 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kosa lilikuwa la maabara ile, si la chanjo, lakini hofu haisubiri uchunguzi. Calmette alifariki 1933, na kwa miaka mingi baada yake waliotetea BCG walikuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba haidhuru. Nani angekuwa na muda wa kuuliza kama inatenda mema ya ziada?

Swali liliibuka tena mahali pengine kabisa, Moscow, kupitia chanjo nyingine. Marina Voroshilova na mumewe Mikhail Chumakov walikuwa wataalamu wa virusi waliobeba jukumu la kuijaribu chanjo ya matone ya polio aliyoibuni Albert Sabin huko Marekani. Mwaka 1959 waliwapa kwanza watoto wao wenyewe, wameitia kwenye vipande vya sukari. Baadaye Voroshilova aligundua kwamba watoto waliopata matone hayo walikuwa na virusi vichache vya aina nyingine tumboni, na hawakuugua mafua na homa za kifua kama wenzao. Akalichukulia jambo hilo kwa uzito. Katika miaka ya 1960 na 1970 yeye na wenzake waliendesha majaribio makubwa yaliyohusisha zaidi ya watu laki tatu, wakiwapa virusi hai vilivyodhoofishwa katika misimu ya homa ya mafua, na wakaripoti kwamba walioipata chanjo waliugua kidogo kuliko wengine. Nchi za Magharibi hazikuyajali sana matokeo hayo. Mmoja wa watoto wale wa vipande vya sukari, Konstantin Chumakov, alikuja kuwa mtaalamu wa chanjo Marekani. Tutakutana naye mbele.

Afrika iliingia katika historia hii kwa mlango wa surua.

Mwaka 1981 watafiti waliofanya kazi Kasongo, mkoani Maniema, mji wa Kongo ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na ya nyumbani tangu enzi za misafara, walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Walikuwa wamewachanja watoto dhidi ya surua na kuwafuatilia. Waliochanjwa waliishi zaidi, lakini faida hiyo ilionekana kupungua kadiri watoto walivyokua. Hapo likazaliwa wazo zito: pengine mtoto dhaifu akiokolewa na surua, atachukuliwa na kuhara au malaria mwezi unaofuata, na chanjo haifanyi zaidi ya kubadilisha jina la ugonjwa kwenye orodha ya vifo. Lingekuwa kweli, lingezipa serikali maskini sababu ya kuuliza kama inafaa kutumia fedha kwa chanjo ya surua.

Jibu lilitoka upande wa pili wa bara, Bissau. Guinea-Bissau ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya ukombozi dhidi ya Ureno pale Peter Aaby, mwanaanthropolojia wa Denmark, alipofika mwaka 1978 kuchunguza utapiamlo. Yeye na wasaidizi wake wenyeji walianza na jambo linaloonekana dogo. Walipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Bandim, wakaandika kila mtu anayeishi pale, kila mimba, kila kuzaliwa, kila kifo. Baada ya muda walirudi. Wakaomba kadi ya mtoto, wakanakili tarehe za chanjo, wakapima mzunguko wa mkono, wakauliza: yupo? Kama hayupo, amehama au amefariki? Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka arobaini, na daftari la Bandim limekua hadi kubeba watu zaidi ya laki moja.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo penye uzito wa habari yote. Mifumo mingi ya afya hupima chanjo kwa ugonjwa uliolengwa. Chanjo ya surua ikizuia surua, imefaulu. Daftari la Bandim liliuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza kwanza: mtoto yuko hai? Bila swali hilo hakuna hata moja kati ya mambo yanayofuata ambalo lingejulikana.

Surua iliingia Bandim mwaka 1979 na kuua watoto wengi kwa namna ya kutisha. Aaby alitarajia kukuta wenye utapiamlo ndio waliokufa. Haikuwa hivyo. Waliokufa zaidi walikuwa wale walioambukizwa ndani ya nyumba zenye msongamano, waliolala kitanda kimoja na ndugu mgonjwa. Mwishoni mwa mwaka huo watoto wa mtaa wakachanjwa. Vifo vikashuka, na vilishuka kupita fungu lililokuwa la surua. Ilikuwa kana kwamba waliochanjwa wamepata nguvu pia dhidi ya nimonia, kuhara na homa nyingine. Watoto waliookolewa na surua hawakuchukuliwa na ugonjwa uliofuata. Walibaki.

Wengi hawakumwamini, na pengine wangeendelea kutomwamini lau si tukio baya la miaka kumi baadaye. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limependekeza chanjo ya surua yenye dozi kali zaidi, itolewe mapema kabla mtoto hajafikisha miezi tisa. Ilizuia surua vizuri. Lakini katika majaribio ya Senegal, Guinea-Bissau na Haiti, wasichana waliopata dozi hiyo walikufa zaidi kuliko waliopata chanjo ya kawaida. Hawakufa kwa surua. Mwaka 1992 WHO iliiondoa. Tukio hilo lilifundisha kwamba chanjo inaweza kuubadilisha mwili kwa njia isiyohusu ugonjwa wake, kwa heri au kwa shari, na kwamba wavulana na wasichana si lazima waitikie sawa.

Mwaka 2000 Aaby na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi uliozua mabishano makubwa zaidi. BCG na chanjo ya surua, zote mbili zikiwa na vimelea hai, ziliambatana na vifo vichache. Chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambayo haina kimelea hai, iliambatana na vifo zaidi. Wataalamu wa WHO walipitia ushahidi wote na kutoa taarifa mwaka 2014: BCG na chanjo ya surua huenda zinapunguza vifo kwa jumla; kuhusu chanjo ile ya tatu, tafiti zinapingana na nyingi zina kasoro za upangaji; ratiba ya chanjo ibaki ilivyo. Naikubali hukumu hiyo. Pepopunda ya watoto wachanga na kifaduro ni maradhi yaliyomaliza familia za babu zetu, na hakuna hata chembe ya ushahidi huu inayompa mzazi sababu ya kuruka sindano yoyote ya kliniki.

Kilichobaki kuulizwa ni namna. Mafunzo ya kawaida ya udaktari yalisema kinga yenye kumbukumbu ni ile ya kingamwili na seli maalumu, ambazo humtambua adui mmoja mmoja. Seli za mstari wa mbele, zinazowahi kumeza kila kinachoingia, zilihesabiwa hazikumbuki kitu.

Huko Nijmegen, Uholanzi, katika maabara ya Mihai Netea, daktari mzaliwa wa Romania, mwanafunzi wa uzamivu alikuwa akipima damu ya watu waliochanjwa BCG. Kwa kulinganisha, alizipa seli zao pia vimelea visivyohusiana kabisa na kifua kikuu: fangasi wa kandida na bakteria wa stafilokoka. Alitegemea seli zisibadilike mbele ya hao. Badala yake zilitoa kemikali za vita kwa wingi kuliko kabla ya chanjo. Akadhani ameharibu sampuli. Akarudia, ikawa vilevile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: BCG huacha alama juu ya vinasaba vya seli za mstari wa mbele, haibadilishi maandishi yenyewe bali hufungua kurasa zilizokuwa zimefungwa, na alama hizo zilionekana hata miezi mitatu baadaye. Kwa kuwa seli zenyewe huishi siku chache tu, ilibidi maelekezo yawe yanatoka kwenye uboho wa mifupa, zinakozaliwa. Hali hiyo wataalamu wameiita kinga iliyofunzwa. Ni kama mbwa wa boma aliyewahi kupambana na fisi: tangu siku hiyo huwahi kubweka, hata anayekuja akiwa chui.

Mwaka 2018 kundi hilohilo liliwachanja watu BCG, kisha likawapa chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Waliotangulia kupata BCG walikuwa na kirusi kidogo damuni. Enzi zake Näslund alikuwa na daftari la vifo tu; sasa kulikuwa na kisa cha kibayolojia cha kulielezea.

Ndipo ikaja UVIKO-19.

Machi 2020 dunia haikuwa na chanjo ya ugonjwa huo, na watu wakaanza kulinganisha ramani: nchi zinazochanja BCG zilionekana kuwa na vifo vichache. Ulinganisho huo ulikuwa dhaifu, kwa sababu nchi hizo zilitofautiana kwa umri wa watu, kwa upimaji na kwa mengine mengi. WHO ilitahadharisha Aprili 2020 kwamba hakuna ushahidi, na kwamba kukimbilia BCG kungeweza kuwanyima watoto wachanga dozi zao. Wakati huohuo majaribio ya kweli yalianza. Huko Melbourne, Nigel Curtis alianza kuwachanja wahudumu wa afya kabla ya mwezi Machi kwisha. Na mwezi Juni Konstantin Chumakov, pamoja na Aaby, mkewe Christine Stabell Benn na mtafiti mwenzao Robert Gallo, waliandika katika jarida la Science wakipendekeza chanjo hai zilizopo, hasa matone ya polio, zijaribiwe kama ngao ya muda.

Tarehe 1 Aprili mwaka huo, wataalamu wawili wa Ufaransa walikuwa wakizungumzia BCG hiyohiyo kwenye runinga ya LCI. Mmoja akauliza kama jaribio lisingefanywa Afrika, ambako hakuna barakoa wala vyumba vya uangalizi maalumu. Hasira ilienea kutoka Dakar hadi Dar es Salaam, na mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyalaani maneno hayo kama mabaki ya fikra za kikoloni. Aliyeyatamka aliomba radhi. Hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Kinachonisikitisha ni kwamba katika kelele zile karibu hakuna aliyekumbuka kuwa swali lenyewe lilikuwa limelelewa Afrika kwa miaka arobaini, na wahesabu wa Bandim waliokuwa wakibisha hodi, na akina mama waliowafungulia mlango na kuwatolea kadi. Walikuwa wenye swali, na wataalamu wale waliwazungumzia kama watu wa kujaribiwa tu.

Majibu ya 2020 yalikuja taratibu. Ugiriki, wazee waliochanjwa walipotoka hospitali walipata maambukizi mapya ya kila aina asilimia 25, dhidi ya 42 kwa waliopewa sindano ya maji ya chumvi. Kundi lilikuwa dogo, watu wapatao 200. Boston, watu wenye kisukari cha aina ya kwanza waliokuwa wamepata dozi kadhaa za BCG miaka ya nyuma waliambukizwa UVIKO-19 kwa nadra sana, lakini nao hawakufika 150. Afrika Kusini, miongoni mwa wahudumu 1,000 wa afya, BCG haikuwalinda. Jaribio kubwa la Curtis, lililoenea Australia, Uholanzi, Hispania, Uingereza na Brazili, lilitoa jibu mwaka 2023: waliougua UVIKO-19 ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 14.7 kwa waliochanjwa na 12.3 kwa wasiochanjwa. Kwa mtu mzima, dhidi ya kirusi kile, sindano moja ya BCG haikufua dafu.

Wapo waliosema basi hadithi imekwisha. Sidhani, kwa sababu swali la Näslund halikuwa la muuguzi wa miaka arobaini. Lilikuwa la mtoto wa wiki mbili, ambaye seli zake za mstari wa mbele ndizo karibu silaha yake yote. Na kwa watoto hao ushahidi ni mzito zaidi, ingawa nao una mipasuko. Guinea-Bissau, watoto waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 walikuwa kwa desturi wakicheleweshwa BCG. Watafiti wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wachanjwe mara moja, nusu wasubiri kama kawaida. Majaribio matatu yalipojumlishwa, vifo vya mwezi wa kwanza vilipungua kwa asilimia 38 kwa waliochanjwa mapema. India, majaribio ya namna hiyo kwa BCG iliyotengenezwa kutokana na mbegu tofauti ya bakteria hayakuona faida. Denmark, ambako watoto wachanga ni nadra kufa, zaidi ya watoto 4,000 walifuatiliwa na BCG haikupunguza kulazwa hospitalini. Hata Bandim kwenyewe, jaribio la awali la dozi ya mapema ya chanjo ya surua lilionyesha vifo vichache, na la baadaye halikuonyesha. Wakosoaji wana haki ya kuidai Bandim ieleze tofauti hizo.

Entebbe, Uganda, watafiti waliwachukua watoto 560 wenye afya, nusu wakachanjwa siku ya kuzaliwa, nusu wakasubiri hadi wiki ya sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika wiki hizo sita, waliochanjwa waliugua maambukizi yasiyo ya kifua kikuu kidogo kuliko waliosubiri, kwa takribani asilimia 30. Wenzao nao walipochanjwa, tofauti hiyo haikuendelea.

Chukua basi kichupa cha BCG mkononi. Ni unga mkavu, na kikichanganywa na maji yake kinatoa dozi 20, ambazo lazima zitumike ndani ya saa sita au zimwagwe. Muuguzi wa zahanati ya kijijini akijiwa na mtoto mmoja Jumatatu asubuhi anajua kwamba akifungua kichupa atamwaga dozi 19, na kwenye ripoti ya mwezi ataulizwa. Kwa hiyo humwambia mama arudi siku ya kliniki, watakapokuwa wengi. Wapo wanaorudi wiki ijayo, wapo wanaorudi mtoto akiwa na miezi miwili. WHO inasema BCG itolewe wakati wa kuzaliwa. Kichupa kizima kinagharimu dola chache. Kama hesabu za Bissau na Entebbe ni sahihi, siku anazoambiwa mama asubiri ndizo siku ambazo chanjo hiyo ingemfaa mtoto kuliko wakati mwingine wowote, na mtu wa kuanza naye ni muuguzi huyo: apewe ruhusa ya maandishi kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, na ripoti ya mwezi iache kumhesabia dozi 19 zilizomwagwa kama kosa lake.